Wanga Kwenye Taulo

6 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, Bibi naye mzima, na magoti yake hayajaanza tena kugombana na ngazi. Mimi nimefika salama, ila begi langu limefika siku moja baada yangu, kwa hiyo siku ya kwanza kazini nilivaa nguo za kuazima. Dobi mwenye nguo za kuazima! Ungeniona ungenikana.

Najua simu yako bado ni marehemu. Kila nikikumbuka nacheka peke yangu. Mtu anayepekua mifuko ya mtaa mzima kabla ya kuloweka nguo, halafu anakuja kufua simu yake mwenyewe ndani ya aproni yake mwenyewe. Usininunie. Nimenunua karatasi na bahasha za kutosha, na kusema kweli barua ina raha yake: huwezi kunikatiza.

Hoteli ni kubwa. Chumba cha kufulia kiko chini kabisa, chini ya jiko, hakina dirisha hata la kupitisha mkono, na joto lake ni kama unaishi ndani ya pasi. Kuna mashine sita za kufulia, nne za kukaushia, na meza ndefu za kukunjia. Mashuka machafu yanatupwa huko juu kwenye bomba pana na kutuangukia huku chini, puu! Mara ya kwanza niliruka nikidhani ni mtu.

Sasa habari yenyewe. Tumechukuliwa wapya wanane kwa majaribio ya miezi sita. Mwisho wa Juni watabaki watatu, wengine tutapewa mkono wa kwaheri. Msimamizi ni mama mmoja mfupi, anatembea bila kusikika, na hasemi kama umefanya vizuri au umeharibu. Anaandika tu kwenye daftari lake. Shangazi, nataka kuwa mmoja wa hao watatu. Nataka mpaka naona aibu kuandika. Nipe maneno.

Sindano wako


20 Januari

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Huku sote wazima. Bibi anakusalimu na anauliza kama huko hotelini mnakula. Nikamwambia, “Mama, ile ni hoteli, kula ndiyo kazi yao.” Akasema hakuuliza habari za wageni. Baba yako bado anaendesha lori lake, na bado ananiletea mashati ambayo mtu angedhani yamefutiwa injini. Mwandikie neno, mimi mdogo wake hanisikii.

Kuhusu simu sitajibu.

Umeomba maneno, haya hapa. Mimi nilianza na pasi moja ya mkaa na meza ya kuazima. Sikushikwa mkono na mtu. Nilichokuwa nacho ni jasho, na jasho ndilo lililokulisha, likakusomesha, likanunua hizo mashine mbili unazozijua. Fika wa kwanza, ondoka wa mwisho, na fanya hata lile ambalo hukuambiwa. Unaijua sheria ya nyumba hii: nguo isiyosimama yenyewe haijapigwa pasi. Wenzako watakunja walivyoagizwa. Wewe waonyeshe umetoka kwa nani. Tia wanga. Huyo mama wa daftari ana macho, ataona.

Hapa mtaani kuna kioja. Pale palipokuwa duka la ndoo, mkabala na mlango wangu, amekuja dobi. Kijana mmoja anayemchekea kila anayepita, hata paka. Nimempa jina la Bwana Meno. Anarudisha nguo zimetundikwa kwenye henga, laini kama mkate uliolowa, hazina hata mkunjo wa kukukata kidole. Nampa miezi mitatu.

Meza yako ipo palepale na pasi yako iko juu yake. Mambo yakienda kombo, njia unaijua. Lakini hayataenda kombo.

Shangazi yako


14 Februari

Shikamoo Shangazi,

Na shikamoo nyingine kubwa umpe Bibi. Mwambie nakula, tena nakula kilekile wanachokula wageni, ila sisi kinatufikia kikiwa kimepoa na kimepoteza umbo. Baba nimemwandikia kuhusu mashati. Amejibu kwa mstari mmoja: “Injini nayo inastahili usafi.” Basi, nimejitahidi.

Ushauri wako nimeufuata neno kwa neno. Nafika kabla ya mpishi wa mkate. Mlinzi ameshachoka kuniuliza kitambulisho, siku hizi ananiuliza tu kama nina kwetu. Nimesugua mashine zote sita kwa nyuma, mahali ambapo sidhani kama pamewahi kuona kitambaa tangu ziletwe. Wenzangu wakienda mapumziko mimi nakunja foronya. Mikono imeota sugu juu ya sugu.

Kuna mwenzetu mmoja tunamwita Maswali. Dada huyu anafika saa ya kazi, haongezi dakika. Mapumziko anakaa kwenye benchi na wanaosafisha vyumba, anawahoji mpaka chai inawapoa mkononi. Mgeni yule amelalamika nini? Kwa nini shuka hili limerudi na halijatumika? Juzi akamwendea Msimamizi, akamwambia kwamba kila kitanda kinawekwa mito minne, na wageni karibu wote wanatupa miwili sakafuni. Kwa hiyo kila siku tunafua foronya ambazo hakuna kichwa kilichozigusa. Msimamizi akaandika kwenye daftari. Mstari mrefu, Shangazi! Mimi niliyesugua migongo ya mashine sijaandikiwa hata nukta. Niliona wivu, sikufichi.

Lakini nami nina jambo langu. Alhamisi ijayo ni siku yangu ya kupumzika. Sitapumzika. Nitakuja kazini nifanye kitu ambacho hoteli hii haijawahi kukiona. Sitakuambia ni nini nisije nikajitia mkosi.

Sindano


1 Machi

Mwanangu hodari,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nimeisoma kwa sauti ili Bibi asikie, na kwa jinsi masikio yake yalivyo, mtaa wote umesikia. Sasa kila anayeleta nguo ananiuliza mwanao ameifanyia nini hoteli. Nawaambia subirini.

Huyo Maswali mwache na benchi lake. Kuna watu wanaofanya kazi, na kuna watu wanaoongea habari za kazi. Mwisho wa Juni utaona nani yupo.

Mimi sijambo. Siku hizi nguo zinakuja kwa utulivu, nami nimepata nafasi ya kuongeza ubora. Napiga pasi hadi soksi. Leso za watu zinasimama kama kadi za mwaliko. Jana mama muuza vitambaa alisimama mlangoni, akaanza kuniambia sijui nini kuhusu mashuka ya kitanda cha mtoto wake, kama ninaweza kupunguza kitu fulani. Sikumsikia vizuri, nilikuwa katikati ya soksi.

Bwana Meno bado yupo. Nimemwongezea mwezi.

Haya, jambo lako limekuwaje? Andika upesi, watu wameniganda.

Shangazi yako mwenye kiherehere


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Mimi sijambo. Huku mvua imenyesha siku nne mfululizo. Nimehamishiwa kitengo kingine, cha kupokea na kuchambua nguo chafu. Ni kitengo muhimu. Msalimie Bibi, msalimie Baba.

Karatasi imeisha.

Sindano


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na sisi wazima, na Bibi anakula.

Karatasi haikuisha. Nimeigeuza, upande wa pili ni mweupe pe.

Nimekulea tangu mama yako alipotutoka na baba yako akakuleta kwangu ukiwa na miaka sita, kwa sababu lori halina mahali pa kulaza mtoto. Ulipochoma sketi ya jirani kwa pasi, ulikaa jioni nzima ukinisimulia habari za mawingu. Ulipopoteza ufunguo wa duka, ulinieleza kwa kirefu jinsi kuku anavyotaga. Sasa naletewa mvua ya siku nne. Nauliza mara moja: umevunja nini?

Mimi usinihofie, kazi zipo. Meza yako nayo ipo.

Shangazi yako, anasubiri


16 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Bibi asalimiwe, Baba asalimiwe, na hii barua usiisome kwa sauti. Nakuomba.

Nilitia wanga kwenye mataulo.

Haya, nimeandika, nimepumua. Sasa nikueleze. Alhamisi ile nilikuja asubuhi, nikamwomba mpishi unga na sufuria kubwa, nikakoroga wanga kama ulivyonifundisha, mzito wa kuzuia kijiko kisianguke. Nikachukua mataulo mia na ishirini, ya vyumbani na ya bwawa la kuogelea. Nikayachovya, nikayakausha, nikayapiga pasi moja moja, mbele na nyuma. Mgongo uliniuma nikawa napiga pasi huku nimepiga goti moja kwenye kreti. Lakini ungeyaona, Shangazi! Yalisimama yenyewe kwenye rafu kama vitabu. Nilirudi nyuma hatua tatu nikayatazama, nikasema moyoni, leo daftari litajaa.

Kesho yake yakapandishwa vyumbani. Saa mbili na nusu asubuhi akashuka mgeni wa ghorofa ya pili, mzee mnene mwenye heshima zake, povu masikioni, maji yanamchuruzika. Taulo lake lilikuwa limegoma kujikunja kiunoni. Alilishika kwa mikono miwili mbele yake kama mlango, akawa anatembea kwa upande. Nyuma yake alikuja mama mmoja anayedai kwamba kila akijifuta maji yanasogea tu, yakitoka begani yanahamia kiwikoni. Kule bwawani watoto walikuwa wameshapanda juu ya mataulo na wanateleza nayo kwenye vigae. Ni kwa hao tu nilikopata sifa.

Yalifuliwa mara tatu ndipo yakaanza kulegea. Wanga ukaganda kwenye bomba la mashine namba nne, fundi akalala chini kwa saa nzima akitaja majina ambayo siwezi kuyaandika. Wenzangu walicheka mpaka wakashikana mabega. Maswali peke yake hakucheka, alinisaidia kubeba.

Msimamizi hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. Alichukua taulo moja, akaligonga kwa kidole, ko ko ko, akaniuliza swali moja tu: “Wewe mwenyewe ulijifuta kwa taulo hata moja?”

Sikuwa nimejifuta. Mataulo mia na ishirini, Shangazi, na sikujifuta hata kwa moja. Akaandika kwenye daftari, mstari mrefu kuliko wa Maswali, kisha akanipeleka kwenye nguo chafu.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa utaumia. Mkono uliotia wanga ni wangu, lakini wazo lilitoka kwenye meza yetu. Na tangu siku hiyo najiuliza jambo ambalo siwezi kulimeza. Sisi tulifanya kazi mno, hilo hakuna wa kulipinga. Lakini nani alituomba tupige pasi soksi? Yule mama muuza vitambaa, pengine alitaka kukuambia kwamba mtoto wake hawezi kulala kwenye shuka linalokwaruza. Ulimsikiliza? Samahani. Nimeandika, sifuti.

Imebaki miezi miwili na nusu. Sijui kama nitakuwa mmoja wa hao watatu.

Sindano


22 Mei

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu ile ya mataulo, na bado sijapata jibu. Baba ameniandikia kwamba u mzima na duka linafunguliwa, kwa hiyo najua si ugonjwa. Kama ni hasira, nistahimili kidogo. Nilikuandikia nikiwa na aibu, na nilitaka kukugawia.

Naendelea kuchambua nguo chafu. Kazi hii haina wa kuisifia, lakini mikono yangu inaijua kabla yangu. Kila nguo, mifuko kwanza. Nimejikuta nafanya ulichokuwa unafanya wewe: kila kinachotoka mfukoni nakitia kwenye bahasha, naandika namba ya chumba, nafunga, nampa anayepandisha nguo. Vifungo, funguo, risiti, hata tangawizi iliyotafunwa nusu. Sikuagizwa, ila safari hii nilimuuliza kwanza Msimamizi. Akasema jaribu.

Wiki iliyopita, kwenye shati la mgeni anayekuja hapa kila mwezi kikazi, nilitoa karatasi iliyochakaa mikunjo. Nikaifungua nikidhani ni risiti. Ilikuwa picha ya nyumba iliyochorwa na mtoto, yenye jua kubwa kuliko paa, na mtu mrefu mwenye begi amesimama mlangoni. Ingepita majini ingekuwa uji. Nikaitia kwenye bahasha. Jioni yule bwana akashuka mwenyewe mpaka huku chini, mahali ambapo mgeni hafiki labda awe na povu masikioni. Akauliza ni nani. Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akapanda ngazi.

Nilikukumbuka, nikalia kidogo kwenye rundo la mashuka. Niandikie hata matusi.

Sindano


7 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Bibi anakula. Baba yako yuko safarini.

Sina matusi. Nina kisa.

Nilipoisoma ile barua yako niliikunja, nikaiweka chini ya pasi. Nilisema, mtoto niliyemfundisha kushika pasi leo ananifundisha. Nikaendelea na soksi. Lakini lile swali la kujifuta likawa linanifuata kama nzi. Basi wiki iliyopita amekuja Mwalimu Mstaafu, unamjua, ananiletea mashati sita kila Jumatatu kwa miaka kumi na moja, hajawahi kukosa. Nikamwambia, “Mwalimu, niambie ukweli, mashati yangu unayaonaje?”

Akatazama viatu vyake. Mtu aliyefundisha watoto wa mtaa huu wote, anatazama viatu! Nikambana. Mwishowe akasema, “Mama, mke wangu huwa anayachovya kidogo kwenye maji.”

“Anayachovya lini?”

“Kila Jumamosi. Ukiyaleta Ijumaa. Shingo yangu haiwezi.”

Miaka kumi na moja, Sindano. Mimi natia wanga Alhamisi, mke wa mwenzangu anautoa Jumamosi. Nilikaa kwenye kiti. Nikamuuliza, “Sasa kwa nini unaniletea, na mtu wa mkate uliolowa yupo hapo mbele?”

Akasema, “Kwa ile bahasha.”

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwaka wa kwanza nilikuta mfukoni mwake leso, na ndani ya leso jino la bandia. Nililitia kwenye bahasha, nikaifunga, nikaiweka katikati ya mashati, na sikumwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza, naye ameniruhusu, kasema kwa umri wake jino si siri tena. Akaniambia, “Mama, nguo zangu wangapi wanaweza kuzifua? Lakini nilijua nikiacha kitu kwako kitarudi, na hutakitangaza. Hilo sijaliona pengine.” Mwanangu, ile bahasha mimi sikuwahi hata kuihesabu kuwa kazi. Kazi niliyojivunia ni ile waliyokuwa wanaiondoa kwa maji.

Sasa nikuambie ambalo sikukuambia. Kazi hazikuwepo. Tangu Februari walikuwa wanavuka barabara mmoja mmoja, wananisalimia kwa adabu, na nguo wamezificha mgongoni. Kuna siku nilipiga pasi mapazia yangu mwenyewe nipate cha kufanya.

Kuanzia Jumanne nauliza kila anayeingia: wanga au bila wanga? Ulimi ulikuwa mzito mwanzoni, utadhani naomba radhi. Wengi wamesema bila, tena kwa haraka ya kuniudhi. Mama muuza vitambaa alipumua mpaka nikaona aibu. Mpiga tarumbeta wa bendi ametaka wanga mara mbili, nikambusu kwa macho. Na kali ya mwaka, Bwana Meno amevuka barabara na shati lake la harusi ya dada yake. “Mama, hili lisimame. Mimi sijui kulisimamisha.” Alivyokuwa anacheka, meno yote, nami nikaona kwamba lile la nyuma limetoboka. Nimelipiga pasi mpaka limekaribia kutembea.

Nimesimamisha kalamu nikufikirie. Nitasema nini zaidi. Fanya vizuri huko.

Shangazi yako


1 Julai

Shikamoo Shangazi, shikamoo Bibi, hodi hodi nyumba nzima!

Nimebaki!

Isome kwa sauti. Isome na mlango wazi. Tumebaki mimi, Maswali, na kaka mmoja anayeelewana na mashine kuliko na watu. Msimamizi alituita mmoja mmoja. Nikaingia. Akalifungua lile daftari kwenye ukurasa wa siku ya mataulo, akaligeuza nisome mwenyewe. Ule mstari mrefu niliouogopa miezi yote umeandikwa hivi: “Hodari kupita kiasi. Akijifunza kuuliza, asiachwe aende.”

Tangu Februari, Shangazi! Ulikuwa umeandikwa tangu Februari, na mimi nalia kwenye mashuka.

Sasa kila meza ya kuchambulia ina kasha la bahasha. Yule bwana wa picha aliacha maneno mapokezi kwamba atakuwa anafikia hapa daima, na Msimamizi, niliyemweleza nilikoutoa, akamwambia meneja kwamba utaratibu huu umeletwa na dobi mmoja aliye mbali. Huyo ni wewe. Meneja wa hoteli ya ghorofa tano ana habari zako.

Na Maswali tumekuwa mtu na pacha wake. Yeye ananiambia watu wanahitaji nini, mimi nahakikisha kinafanyika. Anakiri kwamba maswali yake peke yake hayajawahi kukausha hata leso. Kazi bado nafanya kama punda, sijui kufanya vingine, ndivyo nilivyolelewa. Ila siku hizi najifuta kwanza.

Nimekutumia kifurushi. Ni taulo, mojawapo ya yale mia na ishirini. Hoteli imenunua mapya na yale ya zamani tumegawiwa, si la wizi. Limefuliwa mara nyingi tangu siku ile. Jifute nalo kabla hujanihukumu.

Likizo yangu ya kwanza ni Desemba. Nitakuja.

Sindano wako, mwajiriwa


20 Julai

Mwanangu mwajiriwa,

Marahaba, na hongera nyingi. Nimesoma mlango ukiwa wazi. Mpiga tarumbeta alikuwepo, akapiga pale pale barabarani. Bwana Meno ameshangilia kuliko baba yako. Baba yako alisema, “Nilijua,” kisha akaenda nyuma ya lori na kukaa huko muda mrefu. Bibi anauliza kama sasa umeajiriwa wanakuongezea chakula.

Nina jambo moja la mwisho, na nikishaliandika sitalirudia.

Nilikaa kimya wiki saba, nikakuacha udhani ni hasira. Hasira ilikuwepo, siku mbili. Siku ya tatu nilijikuta nasugua meza yako. Niliisugua kwa sabuni, nikaibadilishia kitambaa, nikaijaribu pasi yako kama bado inashika moto. Sindano, nilikuwa nakuandalia kurudi. Mtoto wangu anaaibika ugenini, nami natandika kitambaa kipya huku naimba. Bibi, ambaye hasikii mlango ukibamizwa, alinisikia. Akauliza, “Tumepata nini?” Kwa mdomo nilikuwa nakuombea ubaki, na moyoni nilikuwa naomba uondolewe. Ndiyo sababu kalamu haikushikika.

Nilikuambia ufanye hata lile ambalo hukuambiwa. Miaka yote nimekupigia pasi maisha yako hivyohivyo, na sikuwahi kukuuliza unayatakaje. Nisamehe. Desemba ukija nitakuuliza, na nitanyamaza usikie jibu lako mwenyewe.

Leo asubuhi nimeweka nguo za wateja juu ya meza yako. Zilikuwa hazienei kwenye yangu.

Kisha nikafungua kifurushi. Nililigonga kwanza kwa kidole, halikulia. Nikasema, nguo isiyosimama, hii? Nikajifuta uso, kwa kuwa tayari ulikuwa umelowa, na bomba nilikuwa sijalifungua. Limekunywa yote, mwanangu. Lingekuwa na wanga, yangefika kidevuni.

Shangazi yako